Kilemba cha Upande wa Kushoto

Alhamisi asubuhi Mama Mchungaji alimpima mkwewe koti la kusimikwa uchungaji. Alimpima mabega, akampima kifua, akamwambia atoe pumzi, maana wanaume wakipimwa hupenda kujivimbisha, kisha koti likiwapwaya humlaumu fundi. Alimpima mkono wa kushoto kutoka begani hadi kwenye kifundo, akaandika kwa chaki pembeni mwa meza ya cherehani. Wa kulia hakuupima. Aliitupia futikamba shingoni na kuanza kutafuta mkasi.

"Na huu, Mama?" mkwe akauliza, akiunyanyua.

"Huo wa nini kuupima? Unao mpaka Jumapili tu."

Mkwe alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Alikuwa fundi simu, mwenye vidole virefu vyembamba vilivyozoea kushika bisibisi ndogo kama sindano. Aliviangalia, akavikunja, akavikunjua. Jumapili akishawekewa mikono, mkono wake wa kulia ungekuwa wa marehemu Mchungaji Mzee, kama ilivyokuwa kwa wote waliomtangulia. Vipimo vya mkono wa marehemu, Mama Mchungaji alikuwa navyo kichwani. Alikuwa mke wake tangu alipokuwa msichana.

Mchungaji Mzee alianza maisha kama seremala. Alikuwa na kiganja kipana, sugu ya randa chini ya kidole gumba, na kidole cha mwisho kilichokatwa pingili ya juu na msumeno. Kwa mkono huo alichonga mabenchi ya kanisa la kwanza, lile la mabati. Kwa mkono huohuo alishika vipaji vya nyuso za watu wenye homa, na homa zikashuka. Wako watu wazima leo wenye watoto wao ambao bila mkono ule wangekuwa makaburini. Alizika maskini wasiokuwa na ndugu. Hakuwahi kununua gari kubwa kuliko geti la nyumba yake. Watu walimheshimu, na walikuwa na sababu. Huo nao ni ukweli, hautafichwa hapa.

Mtu wa kwanza ambaye Mchungaji Mzee alimsimika alikuwa muuza viatu. Huyo ndiye Askofu wa leo, ambaye kwa kupenda kwake vipaza sauti watu walimbandika jina la Askofu Spika, kwanza kisogoni, baadaye hata mbele ya uso wake. Alipiga magoti, Mchungaji Mzee akamwekea mkono kichwani, na aliposimama mkono wake wa kulia ulikuwa na sugu ya randa na kidole kifupi. Yeye akauangalia, Mchungaji Mzee akauangalia, na Mama Mchungaji, aliyekuwa pembeni ameshika kibakuli cha mafuta, naye akauangalia. Wazee wa kanisa wakasema huo ni upako. Kisha watu wakaenda kunywa chai.

Walifuata wengine: mwalimu wa hesabu, dereva wa lori, ndugu wawili waliokuwa wakiuza magodoro. Kila mmoja alifungua kanisa lake, huyu kwenye ukumbi uliokuwa wa sinema, yule kwenye hema nyuma ya gereji, yule mwingine kwenye vyumba vya juu ya benki iliyofilisika. Walibishana kuhusu kila kitu, kuanzia namna ya kufunga na kuomba hadi urefu wa sketi. Lakini wakikaa mkutanoni wote waligonga meza kwa vifundo vya vidole vilevile. Mchungaji Mzee alipofariki, alizikwa na mkono wake umelazwa kifuani, na jambo halikuishia hapo. Waliokwisha kuupokea waliendelea kuwawekea wengine, na mkono haukufifia kama nakala ya nakala inavyofifia. Ulikuwa uleule, na uzito uleule.

Ikafika mahali watu wakajifunza kutazama kidole. Akija mhubiri mpya, kabla hawajauliza amesoma wapi wala anahubiri nini, waliangalia mkono wa kulia alioshikia Biblia. Kidole kifupi, wanakaa. Kidole kirefu, wanakumbuka kwamba wameacha nguo kwenye kamba.

Sasa habari ya kilemba. Wake wa wachungaji wa makanisa hayo yote hufunga kilemba cha namna moja: kinapita juu ya nyusi, kinashuka chini upande wa kushoto, kinafunika sikio na shavu mpaka karibu na kidevu, ndipo kinafungwa kwa fundo nyuma ya shingo. Kimeandikiwa mpaka vijitabu. Kwamba upande wa kushoto ndio wa moyo, kwamba mke wa mtumishi huuficha moyo wake kwa ajili ya Bwana mmoja na bwana mmoja. Ni maelezo mazuri, na yametungwa na watu waliokwenda chuo.

Kilemba chenyewe alikianza Mama Mchungaji, Jumatatu moja, mbele ya kioo cha kabati, kwa sababu ya shavu. Mchungaji Mzee alikuwa akirudi Jumapili jioni amechoka kuwaombea watu, na mkono ulikuwa bado una nguvu zilizobaki. Alama ya kibao alichompiga Jumapili moja haikuondoka. Alama za watu wengine hugeuka bluu, kisha kijani, kisha huenda zake. Ya Mama Mchungaji ilikaa, vidole vyote vitano, cha mwisho kifupi, vyekundu na vyenye joto hata asubuhi ya baridi. Alipaka mafuta, alipaka poda, mwisho akafunga kilemba. Jumapili iliyofuata wanawake walimwambia kimempendeza. Akajibu ahsante. Funika kombe mwanaharamu apite. Akafunika, na wanaharamu walikuwa wengi hata hawakuisha kupita.

Tangu hapo, kila mchungaji mpya akisimikwa, Mama Mchungaji aliitwa madhabahuni kumfunga mke wake kilemba cha kwanza. Ikawa ni sehemu ya ibada, kama mafuta. Baada ya miezi kadhaa mke yule alikuja kwenye chumba cha cherehani kuomba kitambaa kipana zaidi. Hakusema kwa nini, na Mama Mchungaji hakuuliza. Alikata kitambaa. Amewakatia wanawake wengi, na alikata vizuri, na hilo lilikuwa baya tangu siku ya kwanza.

Wa kusimikwa Jumapili hiyo alikuwa mume wa kitindamimba wake.

Binti alikuja Alhamisi hiyohiyo mchana kujaribu gauni. Alisimama juu ya kigoda ili mama yake apime pindo. Midomo ya mama ilikuwa imejaa pini.

"Mama," binti akasema, "mimi nilikuwa nasikia."

Mama akachomeka pini.

"Ulikuwa unasema ni mlango wa kabati. Mlango gani huo uligonga Jumapili tu? Nikiwa mdogo nilikuwa nauchukia ule mlango mpaka nikawa naupita kwa mbali."

Mama akatoa pini zilizobaki mdomoni, moja moja, akaziweka kwenye kikopo. "Mumeo ni mtu mpole," akasema.

"Mpole sana. Hata mende hujamwona akimpiga, anamtoa nje kwa kipande cha gazeti. Lakini si yeye ninayemwogopa." Akageuka juu ya kigoda, na pindo likaharibika. "Jumapili utaniita mbele. Nitapiga magoti. Utanifunga?"

Mama Mchungaji aliinama, akaanza pindo upya. Binti alivua gauni, akavaa nguo zake, akambusu mama yake shavu la kulia kama alivyozoea, akaenda nyumbani.

Kesho yake Mama Mchungaji alifunga chumba cha cherehani, akaenda kwenye kibanda cha mkwewe. Alimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, taa ndogo imefungwa kwenye paji la uso. Mkwe alifuta kigoda kwa kiwiko, akampa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuja kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mkono wa baba mkwe wako ulikuwa unanipiga."

Mkwe aliweka bisibisi chini taratibu. "Najua, Mama."

"Unajua?"

"Mwanao aliniambia kabla hatujaoana. Na wachungaji wote wanajua. Kwenye semina, mwishoni kabisa, wake wakishatoka kwenda kuandaa chakula, mlango unafungwa, Askofu anasema: ndugu zangu, mkono huu ni mzito, uombeeni. Basi. Tunasema amina, tunakwenda kula."

Mama Mchungaji alikuwa amebeba jambo lile miaka yote kama mtu aliyebeba yai, kumbe watu walishalikaanga na kulila.

"Na bado unautaka," akasema.

"Nimehubiri mwaka mzima na mkono wangu huu, pale juu ya duka la rangi. Wanapanda ngazi, wanaangalia kidole, wanashuka. Na mimi nina maneno, Mama. Mungu amenipa maneno, nataka wayasikie." Alitazama vidole vyake. "Nitautawala. Nakuapia."

"Naye aliapa hivyo. Kila Jumatatu."

"Mimi si yeye."

"Wewe si yeye," Mama Mchungaji akakubali. "Ndiyo maana nimekuja. Kama ungekuwa yeye ningebaki nyumbani nikashona. Hubiri kwa huu ulio nao. Wakija wawili, sema na wawili."

Mkwe alicheka kwa huzuni. Wawili hawalipii hata kodi ya chumba, alisema, na akaichukua tena bisibisi, kwa kuwa mwenye simu alikuwa amefika. Mama Mchungaji alimtazama akikaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Alivitazama vidole vile mpaka kazi ikaisha, kisha akarudi kumalizia koti. Sehemu ya mkono wa kulia aliikata kwa vipimo vya marehemu, kwa sababu koti lilikuwa la watu na siku ilikuwa imekaribia, lakini alikata kwa hasira na mkasi uliuma kitambaa.

Jumamosi alasiri walifika wageni, Askofu Spika na mkewe. Walikuja kwa heshima, wakavua viatu mlangoni. Askofu alimpa Mama Mchungaji mkono. Alikuwa akimpa mkono huo kila Jumapili tangu siku aliyoupata, na Mama Mchungaji alikuwa akiupokea, maana mgeni hakataliwi mkono. Kila mara sugu ya randa iligusa mahali palepale pa kiganja chake, na kila mara alikwenda kunawa.

"Mama yetu," Askofu akasema, "kesho ni siku kubwa. Mkono unarudi nyumbani, kwenye familia yenyewe. Wenzangu wote watakuwepo. Nimesikia ulikwenda kibandani kwa kijana."

"Nilikwenda. Ni mkwe wangu."

"Ni haki yako. Nasema tu, kazi ya Mungu ni kubwa kuliko mambo ya chumbani. Watu wangapi wamepona? Ukiutikisa mti kwa sababu ya jani moja, unawaangushia wote."

"Mimi ndilo hilo jani?"

Simu ya Askofu ililia, na kwa kuwa ilikuwa habari ya vipaza sauti vya kesho, alitoka nje kuipokea. Wanawake wakabaki. Mama Askofu alikuwa mwanamke mnene, mchapakazi, aliyeendesha jiko la kanisa kama kambi ya jeshi. Kilemba chake kilikuwa kipana kuliko vyote mjini. Mama Mchungaji mwenyewe ndiye aliyekikata, na alikikata mara tatu, kila mara kikubwa zaidi.

"Kesho utamfunga, sivyo?" Mama Askofu akauliza.

"Sijui."

"Mimi ulinifunga. Mikono yako haikutetemeka."

"Ilitetemeka. Hukuiona kwa sababu nilikuwa nimekufunika jicho."

Mama Askofu akatazama sakafu. Nje mumewe alikuwa akimweleza mtu kwamba anataka spika nne, si mbili. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ukifungua wewe, sisi wengine tutajificha wapi?"

"Mnamficha nani asiyejua? Hata fundi simu anajua."

"Kujua ni kitu kimoja. Kuona ni kingine. Mtu akijua, anakuheshimu hivyohivyo. Akiona, lazima afanye kitu au ijulikane kwamba hakufanya." Akashika mkono wa mwenzake. "Usitufanyie hivyo, Mama. Tumeshazoea."

Hilo la kuzoea ndilo lililomuudhi Mama Mchungaji kuliko yote. Hakulala vibaya usiku ule. Alilala vizuri kama mtu aliyekwisha kuamua.

Ibada ilifanyika kwenye kanisa la Askofu, ule ukumbi uliokuwa wa sinema, ambako viti bado vina namba na watu hukaa wanapotaka. Spika nne zilikuwepo. Wachungaji walikaa safu ya mbele, mikono ya kulia juu ya magoti, wote mkono mmoja. Nyuma yao wake zao, vilemba upande wa kushoto. Ukiwatazama kutoka kulia ungeona nyuso; ukiwatazama kutoka kushoto ungeona vitambaa.

Fundi simu alipiga magoti. Askofu akamwekea mkono kichwani, wengine wakaja wakaweka ya kwao juu ya huo, na wakaomba kwa sauti kwa muda mrefu. Walipoiondoa, mkono wa koti upande wa kulia, uliokuwa ukining'inia umepwaya tangu asubuhi, ulikuwa umejaa barabara. Mkwe akainua kiganja kipana. Akajaribu kukunja kidole cha mwisho, kikakunjika kwa kadiri kilivyokuwepo. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa koti nalo lilikuwa limekaa vizuri.

Kisha akaitwa binti. Alipiga magoti juu ya mto, kichwa wazi, nywele zimesukwa. Kilemba cheupe kililetwa kwenye sinia. Mama Mchungaji akapanda madhabahuni, akakipokea, akakikung'uta kifunguke, kama alivyofanya kwa wanawake wengi. Halafu akakirudisha kwenye sinia. Akapeleka mikono nyuma ya shingo yake mwenyewe, akafungua fundo, akavua cha kwake.

Mpiga picha wa kanisa, aliyezoea kusogeza kamera mtu akikaribia kutokwa machozi, alisogeza kamera. Kwenye pazia kubwa la sinema likatokea shavu la Mama Mchungaji, kubwa kama ukuta, na juu yake vidole vitano vyekundu, cha mwisho kifupi.

"Hiki kilemba hakikutoka kwa Mungu," akasema kwenye kipaza sauti. "Nilikianza mimi, kuficha hii. Mkono ulionipiga hapa ndio huo mnaopeana. Unaponya homa, na ukirudi nyumbani unapiga. Mnajua."

"Amina," wakasema watu.

"Sisemi ili mseme amina."

"Amina," wakasema, na mtu mmoja nyuma akaongeza kwamba Bwana ni mwema. Mpiga kinanda akaanza kupiga polepole, ile sauti ya kusindikiza ushuhuda.

"Zima hicho kinanda," Mama Mchungaji akamwambia. Mpiga kinanda alizima, kwa kuwa Mama Mchungaji ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya shule. "Mimi sishuhudii. Mimi nashtaki. Namshtaki mume wangu aliyekufa, nawashtaki hawa waliokaa mbele, na najishtaki mwenyewe kwa kila kitambaa nilichokata. Mwanangu simfungi."

Kisha Askofu alisimama na kipaza sauti cha kwake, chenye nguvu zaidi.

"Mmeona, wapendwa? Mmeona mwanamke alivyobeba msalaba miaka yote bila kunung'unika? Nani leo ana uvumilivu huu? Mpigieni Mama yetu makofi." Wakapiga makofi kwa moyo wote. Wengi walilia, na machozi yao hayakuwa ya uongo. Mama Mchungaji aliendelea kusema, lakini kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa, na midomo yake peke yake ilionekana ikienda kwenye pazia la sinema.

Mama Askofu aliinuka akachukua kilemba kwenye sinia, maana kazi haiwezi kulala. Akamwendea binti pale alipopiga magoti. "Inamisha kichwa, mwanangu."

"Hapana, Mama," binti akasema. "Sifungwi." Akasimama, akaweka sawa gauni lake, akarudi kukaa kichwa wazi. Mama Askofu alibaki ameshika kitambaa wazi kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja mwenzake aje wakunje shuka. Hakuna aliyekuja. Akakikunja mwenyewe.

Ibada iliendelea. Mkwe alihubiri mahubiri yake ya kwanza, na yalikuwa mazuri kweli, kwa sababu maneno alikuwa nayo tangu zamani. Mtoto mwenye homa aliletwa, akamshika kipaji cha uso, homa ikashuka.

Wiki zilizofuata chumba cha juu ya duka la rangi kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Habari ya shavu ilienea makanisa yote, na kila kanisa liliipokea kwa namna yake, ila hakuna lililoikataa. Waliiita muhuri. Kwenye kijitabu kipya iliandikwa kwamba Mama alitiwa muhuri kwa mkono wa mtumishi. Kanisa la nyuma ya gereji lilichora alama ile kwenye bango lake, vidole vitano vyekundu, cha mwisho kifupi, na chini yake saa za ibada. Mama Mchungaji aliacha kushona vilemba. Wanawake wakaanza kuvinunua dukani vikiwa tayari, na vya dukani vilikuwa vipana zaidi.

Binti alipigwa siku ya Jumatano, mchana. Ilikuwa ni kwa sababu ya chumvi, au kwa sababu ya swali. Sababu haina maana na haitachunguzwa hapa. Mkwe alijaribu kuuzuia mkono kwa mkono wake mwingine, na hakuuweza. Binti aliweka nguo zake kwenye begi, akatoka kichwa wazi, akapita barabara ya maduka saa ambayo watu wote wapo nje. Walimsalimia, akawaitikia. Hakugeuza uso wala hakuharakisha. Alama ilikuwa mbichi, na kila aliyeiona alijua ni ya mkono gani, kwa kuwa wengi walikuwa nayo kwenye mabango.

Alipofika, mama yake alisogeza cherehani ukutani ili kitanda kienee. Hakusema pole. Alisema, "Leta begi," kisha akakaa kwenye kigoda akalia, na binti akalia pamoja naye, mashavu yao ya kushoto yana joto lilelile. Walipomaliza wakatandika kitanda.

Mkwe alikuja kesho yake. Alikuwa amekonda, na kibanda cha simu alikuwa amekifunga, maana mkono mpya haukuweza bisibisi. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia kumwamkia mkwewe.

"Shikamoo, Mama."

"Nipe wa kushoto," Mama Mchungaji akasema.

Mkwe hakuelewa mara moja. Mkubwa hapewi mkono wa kushoto. Mtoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kunawa. Alisita, akautazama, halafu akautoa. Vilikuwa vidole vile virefu vyembamba. Mama Mchungaji aliupokea kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, mwanangu. Huu ni wako, na mlango huu unaujua. Uje nao siku yoyote. Ule mwingine sitaki kuuona hapa."

"Nitauweka wapi, Mama?"

"Ulijua kuutafuta."

Alikaa kidogo kwenye ngazi ya mlangoni. Binti alimletea maji, naye akayapokea kwa mkono wa kushoto, akanywa, akarudisha kikombe. Walitazamana muda mrefu kama watu waliopendana, kwa sababu walipendana. Kisha akaenda, maana jioni alikuwa na ibada ya maombi, na watu walikuwa wameshaanza kukaa kwenye ngazi.

Jumapili hiyo, ibada ya makanisa yote ilipokwisha, Mama Mchungaji alisimama mlangoni pa ukumbi wa sinema, mahali pake pa siku zote, ambapo wachungaji hupita kumsalimia ndipo watu watoke. Hakuwa na kilemba. Binti yake alisimama ubavuni mwake, naye hakuwa nacho. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Askofu Spika. Alitabasamu, akanyoosha mkono wa kulia.

"Wa kushoto, Askofu," Mama Mchungaji akasema, akinyoosha wa kwake.

"Mama, mbele za watu?"

"Ndio wanaotakiwa kuona."

Askofu hakuushusha mkono. Mama Mchungaji naye hakuushusha wake. Nyuma ya Askofu walisimama mwalimu wa hesabu, dereva wa lori, ndugu wawili wa magodoro na mkwe wake mwenyewe, na nyuma yao wake zao, na nyuma ya hao ukumbi mzima wenye njaa. Mama Askofu alipeleka vidole nyuma ya shingo, akashika fundo la kilemba chake, akaviacha hapo. Mlango ulikuwa mmoja. Kutoka nyuma watu walianza kuuliza kuna nini, mbona hatutoki, na wa mbele wakawajibu kwamba ni salamu tu.

Mama Mchungaji alibadilisha mguu wa kusimamia. Chakula cha mchana alikipika jana yake, na nyumbani hakuna aliyekuwa akimngoja.